Mkaa, Kanuni za Serikali na Riziki ya Kariakoo

 

Ijumaa ya leo ninakusudia kulizungumza jambo ambalo aghalabu huachiwa wataalamu wa mazingira na maofisa wa serikali, ilhali limo ndani ya kila nyumba na chini ya kila sufuria. Jambo lenyewe ni mkaa. Serikali yetu imeweka makatazo na mikakati ya kupunguza matumizi ya kuni na mkaa, na mojawapo ya sababu zake ni kupunguza gesi joto, yaani zile hewa zinazokusanyika angani na kuizidishia dunia joto. Wanaotakiwa kutekeleza ni wengi, lakini hapa Dar es Salaam sehemu kubwa ya mzigo inawaangukia watu wa biashara: mama lishe na baba lishe, wapishi wa shughuli, wenye mikahawa, wauza mkaa, mafundi wa majiko na wauza gesi. Kariakoo, pamoja na mitaa inayoizunguka kutoka Gerezani na Mchikichini hadi Mnazi Mmoja, ndipo watu wote hawa wanapokutana.

Swali letu ni hili: kanuni hizi zinaonekanaje machoni pa mfanyabiashara, na zitekelezwe vipi ili ziondoe madhara pasipo kuleta madhara mengine mahali pake?

Kanuni zenyewe zinasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi mwaka 2018. Mwaka 2021 ikatoa ahadi yake ya kitaifa kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesi joto kwa kati ya asilimia 30 na 35, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa endapo mambo yangeachwa yaendelee kama yalivyo. Ahadi ya namna hiyo haitimizwi kwa hotuba. Hapana budi iteremke hadi kwenye viwanda, magari, mashamba na majiko.

Kwa upande wa majiko, mnamo Novemba 2022 kulifanyika Dar es Salaam kongamano la kitaifa la nishati safi ya kupikia, lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Baada yake likaja agizo kwamba taasisi za umma na za binafsi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Tarehe ya kwanza iliyowekwa ilikuwa mwisho wa Januari 2024, na hatua nyingine zikafuata. Tarehe 8 Mei 2024 Rais akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei 2024, ulifanyika mjini Paris mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, Rais wetu akiwa miongoni mwa wenyeviti wenza, na zikatolewa ahadi za dola bilioni 2.2 za Marekani.

Basi yule anayeuza sahani 30 za wali barazani hafikiwi leo na katazo la taasisi. Lakini asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Safari imekwishaanza, na njia inaelekea mlangoni pake.

Kwa nini mkaa

Huenda msomaji akauliza: jiko dogo la bati lililo uchochoroni lina nguvu gani ya kuidhuru dunia, ilhali nchi za viwanda zimechoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne mbili? Swali hili ni la haki, na wafanyabiashara wengi hulitanguliza. Ni kweli kwamba Afrika imechangia sehemu ndogo sana ya gesi joto zilizopo angani. Ukweli huo ni hoja ya kudai kwamba mataifa tajiri yalipe. Haugeuki kuwa ruhusa ya kuumaliza msitu wetu kwa mikono yetu wenyewe.

Tuangalie jinsi mkaa unavyopatikana. Mti hukatwa, magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huchomwa polepole kwa siku kadhaa katika tanuri la kienyeji. Katika tanuri hilo, ili kupata kilo moja ya mkaa hutumika kilo 6 hadi 10 za kuni. Sehemu kubwa ya mti hupotelea hewani kabla gunia halijashonwa, na miongoni mwa hewa zinazotoka imo methani, ambayo kwa kipindi cha miaka mia moja huongeza joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa iliyo sawa nayo kwa uzito. Endapo mti ungeachwa uchipue tena, ungeirudisha ndani yake ile hewa ya ukaa. Lakini pakilimwa au kuchomwa moto mara tu baada ya kukatwa, hapana kinachorudi. Serikali inakadiria kuwa nchi hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na mkaa na kuni ni miongoni mwa sababu zake, pamoja na upanuzi wa mashamba.

Dar es Salaam ndiyo mlaji mkuu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilieleza kwamba jiji hili peke yake lilitumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, na kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, huku watumiaji wa gesi wakipungua. Hapo pana funzo. Watu wa mjini waliokwisha kuwasha gesi walirudi kwenye mkaa. Mtu harudi kwenye moshi kwa kuupenda. Hurudi pale hesabu ya mfukoni inapomrudisha.

Gharama iliyofichika

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wengi husema kwamba kanuni za mazingira zinaleta gharama mpya kwenye biashara. Ukitazama kwa makini utaona kwamba gharama hiyo ilikuwepo siku zote. Tofauti ni kwamba ilikuwa inalipwa na watu wengine.

Ililipwa na mwanakijiji wa Pwani, Morogoro au Lindi aliyeamka akakuta kisima kimekauka na kivuli kimeondoka. Ililipwa na mama lishe mwenyewe, ambaye kwa miaka ishirini aliinama juu ya moshi na leo kifua chake hakimpi usingizi. Ililipwa na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni pale jikoni. Italipwa na wajukuu wetu kwa mvua zisizotabirika na mafuriko ya Jangwani na Msimbazi. Kwa kuwa hao hawakuandikwa kwenye daftari la hesabu, sahani ya chakula ikaonekana ni ya bei nafuu.

Kinachofanywa na kanuni ni kuuliza: nani ailipe gharama hii kuanzia sasa? Jibu likiwa kwamba ailipe mnyonge wa mwisho, yaani yule mwenye meza moja na masufuria matatu, basi tutakuwa tumeuhamisha mzigo kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na vyote viwili ni vya maskini.

Sokoni wanasemaje

Hoja za wafanyabiashara hazilingani, na ni vyema kuzitenganisha.

Hoja ya mama lishe ni mtaji. Mkaa hununuliwa kwa kopo, asubuhi kwa asubuhi, kwa fedha ya mauzo ya jana. Akiuza kidogo, hununua kidogo. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, hutaka fedha nzima kwa mara moja, na gesi hukata wakati maharage hayajaiva. Fauka ya hayo, mpishi wa sufuria kubwa anahitaji mtungi mkubwa na jiko imara, si kile kichomeo kidogo kinachokaa juu ya mtungi. Kwa hiyo asemapo kwamba gesi ni ghali, aghalabu hakusudii bei ya kupikia sahani moja. Anakusudia kwamba hana namna ya kuinunua kidogo kidogo kama anavyonunua mkaa.

Hoja ya wapishi wa shughuli ni ukubwa wa kazi. Pilau na biriani ya harusi, hitima au akika hupikwa kwa masufuria ambayo mtu mmoja hayanyanyui. Wao wamezoea kuni, na wanaamini kwamba moto wa kuni una nguvu na ladha yake. Hawa ndio wanaovuka idadi ya watu 100 mara kwa mara. Lakini pia ndio wenye uwezo zaidi wa kubadilika, kwani hulipwa malipo ya awali, na jiko kubwa la gesi hujirudishia gharama zake likitumika kila mwisho wa wiki.

Hoja ya muuza mkaa ni riziki. Ripoti ile ya Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 650 kwa mwaka. Nyuma ya fedha hizo wako wachomaji vijijini, madereva wa malori, vijana wa pikipiki na baiskeli, wapakiaji, na wauzaji wa rejareja wa kila mtaa. Sekta yenye watu wengi namna hiyo haifungwi kama duka. Wala si kila mkaa ni sawa. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, tangu mwaka 2012 uliendeshwa mradi ambao vijiji viligawa sehemu ya msitu wao katika vitalu, kitalu kikavunwa na kuachwa kichipue kwa miaka 24, na mapato ya ushuru yakabaki kijijini. Muuzaji anayefuata utaratibu kama huo ana haki ya kuuliza: mbona ninapimwa kwa mizani moja na yule anayevuna usiku ndani ya hifadhi?

Hoja ya mafundi wa Gerezani ni ujuzi. Mikono inayokunja bati na kutengeneza majiko ya mkaa imelisha familia nyingi. Majiko bora yenye udongo wa kufinyangwa ndani, yanayopunguza mkaa unaotumika, yaliwafaa mafundi wa namna hiyo. Je, katika zama za gesi na umeme watabaki na kazi gani? Majiko makubwa ya gesi ya mikahawa, stendi za mitungi na meza za chuma za kupikia vinaweza kutengenezwa hapa hapa, iwapo mafundi watapewa mafunzo na viwango vya usalama. Vinginevyo faida yote ya mabadiliko haya itashuka bandarini ndani ya makontena.

Ama muuza gesi na muuza vifaa vya umeme, kwao kanuni ni neema. Hata hivyo nao wana hofu zao: gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje kwa dola, na mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 haujasahaulika, ingawa hali iliimarika baada ya mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kufanya kazi mwaka 2024.

Tulikotoka

Hii si mara ya kwanza. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa kwa ghafla, na katazo lile halikudumu hata mwezi. Mji mzima ulikuwa ukipikia mkaa, na mbadala haukuwepo.

Kisha tukaja kwenye mifuko ya plastiki. Tangazo lilitolewa Aprili 2019, na tarehe 1 Juni 2019 katazo likaanza, yaani muda usiofika wiki nane. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo walilazimika kumaliza shehena au kuzisalimisha. Safari hii katazo lilisimama, kwa kuwa mbadala ulipatikana na kila mtu aliuona. Lakini baadaye vifungashio laini vya plastiki vilivyoruhusiwa kwa kufungia bidhaa vikaanza kutumiwa kama mifuko ya kubebea. Aliyeitii sheria kwa kununua mfuko wa bei kubwa akajikuta anashindana na jirani aliyeizunguka.

Na Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa siku kadhaa, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokutana na wafanyabiashara katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Malalamiko yale yalihusu kodi, usajili wa stoo na namna ya kukusanya mapato, wala hayakuhusu mazingira. Hata hivyo ujumbe wake unafaa hapa: soko hili halikatai utaratibu, linakataa kushtukizwa.

Kutokana na matukio haya matatu tunapata masharti matatu ya kanuni inayotekelezeka. Pawepo mbadala ulio karibu na unaonunulika. Pawepo muda na mashauriano ya kweli kabla ya adhabu. Na anayetii asiachwe ashindwe sokoni na asiyetii.

Majirani na wa mbali

Wenzetu wa Kenya walisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, wakalifungua katazo hilo mwaka 2023. Lakini katikati ya kipindi hicho, Julai 2021, gesi ya kupikia iliwekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Hapo utaona mkono mmoja ukimzuia mwananchi asikate mti na mwingine ukimpandishia bei ya kile kilichotakiwa kuwa badala yake. Mikono hiyo miwili hapana budi ishauriane.

India nayo ilianza mwaka 2016 mpango mkubwa wa kuwaunganishia gesi wanawake wa kaya maskini, na ifikapo 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimepata. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo ilibainika kwamba kaya nyingi hazikumudu kujaza mtungi mara kwa mara, zikaendelea kuchanganya gesi na kuni. Hapa nyumbani Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku iliyofika nusu. Tunaipongeza hatua hiyo, lakini tukumbuke kwamba mtungi mtupu uliowekwa pembeni hausafishi hewa. Kipimo cha mafanikio kiwe mara ngapi mtungi umejazwa tena, wala si mitungi mingapi imegawiwa.

Moshi na hisba ya masoko

Huenda baadhi yetu tukadhani kwamba kumsimamia mfanyabiashara kwa ajili ya moshi ni fikra ya kizungu iliyokuja na mikutano ya tabianchi. Sivyo. Katika miji ya Kiislamu ya zamani palikuwepo muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, aliyekagua mizani, ubora wa bidhaa na usafi. Mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12, Abdulrahman al-Shayzari, aliandika kitabu cha kumwongoza msimamizi huyo kiitwacho Nihayat al-Rutba fi Talab al-Hisba. Miongoni mwa anayoyaagiza ni kwamba waokaji mikate wainue dari za matanuri yao na waache matundu mapana ya kutolea moshi, ili watu wasidhurike.

Zingatia, ndugu yangu, kwamba mwokaji hakuambiwa afunge tanuri. Mji unahitaji mkate, naye anahitaji riziki. Aliambiwa aitengeneze kazi yake namna ambayo faida yake haitakuwa dhara kwa jirani. Wanazuoni wa fiqhi wameliweka jambo hili katika misingi: kwamba madhara huondolewa, na kwamba dhara haliondolewi kwa kuleta dhara jingine mfano wake. Msingi wa kwanza unamfunga mfanyabiashara, asiseme kwamba mapafu ya watu na misitu ya vijiji si shauri lake. Msingi wa pili unamfunga mwenye mamlaka, asimkomboe mtu na moshi kwa kumtumbukiza katika njaa au katika deni.

Deni, mizani na hewa inayouzwa

Nimetaja deni kwa makusudi. Mama lishe akiambiwa abadili jiko na hana fedha, wa kwanza kumgongea mlango ni mwenye mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Atachukua laki moja, na kabla ya mwezi kwisha atakuwa amelipa zaidi ya hiyo na meza yake imechukuliwa. Kwa familia zetu hilo ni dhara la dunia na la akhera.

Ipo njia nyingine. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni busara vikundi vya mama lishe vya Ilala na kwingineko viiombe mahususi kwa ajili ya majiko na mitungi mikubwa, na halmashauri zitoe kipaumbele kwa maombi ya namna hiyo. Kadhalika taasisi za fedha zinazofuata sharia zinaweza kununua jiko na kumuuzia mpishi kwa malipo ya awamu, bei ikijulikana tangu mwanzo.

Jambo la pili ni mizani. Muuza gesi anatakiwa awe na mizani dukani na apime mtungi mbele ya mnunuzi. Mtungi uliopungua uzito ni wizi kwa mnunuzi, na juu ya hayo ni hoja inayomrudisha kwenye kopo la mkaa, ambalo angalau analiona limejaa. Wakala wa Vipimo na wanunuzi wenyewe wasilifumbie jicho.

Jambo la tatu ni jipya kidogo. Mwaka 2022 zilitolewa kanuni za biashara ya kaboni. Kampuni inayosambaza majiko safi inaweza kukadiria gesi joto zilizoepukwa, kisha kuuza hesabu hiyo kwa wanunuzi wa nje. Biashara hii ikifanywa kwa uaminifu huweza kupunguza bei ya jiko. Lakini moshi ulioepukwa ni wa yule mpishi aliyebadili mazoea yake. Basi mkataba umweleze kwa Kiswahili anachokitoa na anachokipata, na punguzo alione katika bei. Kuuza kitu kilichotoka kwa mtu naye hajui kwamba kimeuzwa hakulingani na uaminifu tunaofundishwa katika biashara.

Sehemu yetu sisi walaji

Hatimaye turudi majumbani. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama anauza sahani 60 kwa siku, na kubadili nishati kunamwongezea shilingi 3,000. Akibeba peke yake kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 78,000 kwa mwezi, kiasi kinachoweza kuwa kodi ya chumba chake. Zikigawanywa kwa sahani, ni shilingi 50 kwa kila mlaji. Mzigo ule ule unaomvunja mmoja haumuumizi yeyote ukibebwa na sitini. Basi mtu asimame mbele ya meza na kugombea ile hamsini huku akilalamikia joto la jiji?

Katika shughuli zetu, mwenye harusi anaweza kumwambia mpishi mapema kwamba anataka chakula kipikwe kwa gesi, na akubali tofauti ya bei. Fedha inayokwenda kwenye mapambo ya siku moja inatosha na kubaki. Madrasa za bweni na vituo vya yatima, ambavyo vingi vinapikia zaidi ya watu 100 na kwa hiyo vimo ndani ya katazo lenyewe, visingoje kukaguliwa. Wafadhili wanaopenda kuchangia mchele na mafuta ya futari wafikirie pia jiko litakaloupika mchele huo kwa miaka kumi.

Nyumbani nako hesabu ifanywe upya. Sufuria ya umeme ya presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme usiofika yuniti moja, na yuniti kwa mtumiaji wa kawaida ni takriban shilingi 350. Wengi hawajui hivyo, wanaendelea kuamini kwamba umeme ni wa kuwashia taa tu. Gesi nayo tusiifanye kuwa haina ila: ikiungua hutoa hewa ya ukaa, na ni bidhaa ya kuagizwa. Lakini hupika kwa joto kubwa na upotevu mdogo, na hakuna msitu uliokatwa kwa ajili yake. Anayeweza kuchanganya umeme kwa vyakula vigumu na gesi kwa vya haraka atapata nafuu ya mfuko na ya kifua.

Ndugu zangu, wafanyabiashara wa Kariakoo wana haki ya kudai muda, mtaji, mbadala na usawa. Serikali ina haki ya kudai kwamba riziki ya mmoja isiwe moshi wa mwingine. Haki hizi mbili hazigombani, maadamu kila upande unakubali kubeba sehemu yake na kuacha kuisukuma kwa aliye dhaifu zaidi. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye kushauriana, wafanyabiashara wenye uaminifu, na walaji wenye kuona mbali kuliko sahani iliyo mbele yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.